Kambale, Ngogo na Uhuru wa Mzee Mhina

Wanangu wa Mlingotini, mmenijia mara tatu wiki hii kuniuliza habari ya shimo la maji mlilochimba kule nyuma ya minazi. Mnataka kufuga kambale na perege pamoja, na mmoja wenu, ambaye sitamtaja ila mama yake ni Mwanahawa, amekwisha kuwatia bila kuniuliza. Alitia perege ishirini. Juzi nimehesabu wanane, na kambale ananenepa vizuri. Nimeona niwaandikie, kwa sababu nikisema mnacheka, na kikohozi nacho hunikata maneno katikati.

Kazi ya kutunza samaki wa maji baridi katika mabirika ya watu nimeifanya zaidi ya miaka thelathini, yote hapa Bagamoyo. Sikuichagua. Baba yangu alikuwa mvuvi wa bahari, na mimi mwanawe nilikuwa nikitapika hata mashua ikiwa imefungwa. Alivumilia misimu miwili, kisha akanipeleka mjini kwa Bwana Hilali, Mwarabu wa Oman aliyekuwa akifanya biashara ya pembe na nguo, akamwambia, "Huyu mwanangu mtafutie samaki wasio na mawimbi." Nilikuwa kijana wa miaka kama kumi na minane. Wajerumani walikuwa bado hawajaja kukaa.

Bwana Hilali alikuwa na nyumba ya ghorofa, na chini katikati palikuwa na behewa, yaani ua wa ndani, lililo wazi juu. Ndani ya behewa alijenga birika la mawe na chokaa, refu kama vitanda vitatu, kina chake mpaka kifuani. Alilijenga kwa ajili ya mkewe, Bibi Zuena. Bibi huyu alizaliwa huko milimani Oman, mahali ambapo maji huletwa kijijini kwa mifereji ya mawe, na ndani ya mifereji mna samaki wadogo ambao watoto huwachezea. Alipoletwa Bagamoyo alilia mwaka mzima. Bwana akasema, basi, nitakutilia samaki nyumbani.

Mtunzaji wa birika alikuwa Mzee Mhina, Mzigua wa upande wa Mkange, karibu na mto Wami. Mwaka wa njaa mjomba wake alimweka rehani kwa vikapu vya mtama, na rehani ile haikukombolewa, akawa mtumwa. Bwana Hilali alipooa, alimtia Mhina katika mahari, kwa hiyo aliyemmiliki hasa alikuwa Bibi Zuena. Mhina alikuwa na umri wa baba yangu, na kila asubuhi alinitangulia kwa shikamoo, kwa kuwa mimi nilikuwa mwungwana na yeye mtumwa. Nami niliitikia marahaba bila kuona haya. Leo mnaposhikamoana kwa umri, mimi nakumbuka hayo, na naona haya sasa.

Alinifundisha kwanza kupima mdomo. Watu wote hupima mwili: huyu mkubwa, huyu mdogo, basi hawakai pamoja. Mhina aliniambia mwili si kitu. Mfungue kambale mdomo, utie vidole vyako. Vikiingia vinne, basi kila samaki mwenye upana wa vidole vinne ni chakula chake, leo au kesho. Perege aliyekomaa ana mwili mpana kama kiganja, kambale hamuwezi hata akimtamani. Perege mchanga ndiye aliwaye. Hiyo ndiyo siri yote ya shimo lenu, wanangu, na hasara ya mwana wa Mwanahawa ilianzia hapo.

Cha pili, perege madume mawili msiyaweke peke yao. Yatapigania mahali pa kuchimba shimo la mayai mpaka moja litoke magamba. Wekeni dume moja na majike yake, au wekeni madume mengi kabisa, hasira igawanyike na asipatikane mmoja wa kuonewa. Jike akifumba mdomo na kuacha kula, msiseme mgonjwa. Amebeba watoto kinywani. Mtengeni, maana wenziwe wote wanamngoja ateme.

Ningu ni jirani mwema, hula ukoga wa ukutani na hana neno na mtu. Tieni vigae na mitungi iliyovunjika, kila mmoja apate pa kujificha, kwa sababu samaki asiye na pa kujificha huchoka, na aliyechoka hupigwa. Maji ya kisima yaacheni yalale kwanza. Mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, msimtie kabisa. Mimi nilimtia, kwa ubishi wangu, baada ya Mhina kunikataza. Siku ya pili mkunga alitoka birikani, akatambaa mpaka mahali pa kutawadhia, na Bwana Hilali alipokuja kutia udhu wa alasiri akamkanyaga. Alipiga ukelele ambao sijausikia tena kwa mwanamume mwenye jambia kiunoni. Mhina aliingia jikoni akajifunika kanga za wapishi asionekane anacheka.

Nimeyaeleza hayo ya kuchekesha kwanza kwa kuwa yanayofuata sipendi kuyaandika.

Katika birika lile palikuwa na kambale mmoja mrefu kama mkono wangu wote. Aliletwa angali kama kidole, na aliyemlisha kwa mkono ni Salim, mtoto wa pekee wa Bibi Zuena. Salim alikufa kwa ndui akiwa na miaka saba. Baada ya hapo kila alasiri Bibi aliteremka, akaketi ukingoni, akatia vidole majini, na kambale akaja kumgusa kwa sharubu zake. Bibi alituambia kwamba mdomo ule uliujua mkono wa mwanawe. Hakuna aliyethubutu kumcheka, wala mimi sikuona la kucheka.

Mwezi wa Shaabani ulipokaribia kwisha, Bibi alimwita mwalimu wa msikiti na watu wote wa nyumba, akatamka mbele yetu kwamba siku ya Idi atamwacha Mhina huru, ili thawabu zimfikie Salim. Mwalimu akasoma dua. Mhina alikuwa ameshika brashi ya makumbi, anasugua ukuta wa birika, akaendelea kusugua mpaka wote walipoondoka. Kisha akaniambia, "Athumani, mama yangu yu hai."

Sikujua kama ana mama. Akanieleza kwamba wachuuzi wa chumvi wanaotoka Saadani hupita kwao, na kila wanaporudi humletea salamu zake. Amekuwa kipofu sasa. Kuna miaka zaidi ya ishirini hajamwona. "Sitaki shamba, sitaki mke," akasema. "Nataka nifike kabla hajafa. Ukiwa mtumwa unaomba ruhusa ya kwenda sokoni, sembuse Mkange." Tukahesabu pamoja kwa vidole. Ilibaki siku thelathini na tatu.

Ramadhani ikaingia, na siku ya tano Mhina akashikwa na homa. Akalala katika chumba cha watumwa nyuma ya jiko, akaniachia birika peke yangu. Aliniagiza neno moja tu: "Kambale ale mchana, kama kawaida. Usimwache na njaa."

Sasa sikilizeni upumbavu wangu. Siku zote samaki walikula adhuhuri, wakati jiko linapotoa machicha ya nazi na matumbo ya kuku. Lakini Ramadhani jiko halikuwaka mchana. Ningeweza kwenda sokoni kununua matumbo, au hata kuweka akiba ya jana. Badala yake nikapata wazo. Nyumba nzima imefunga, nikasema, na samaki nao wafunge, wafuturu magharibi pamoja nasi. Wapishi walifurahi mno. Mmoja akasema, "Athumani kawafungisha saumu samaki! Hata kambale ana dini mwaka huu!" Habari ikapanda mpaka juu, Bibi akatabasamu, na mimi nikajiona mcha Mungu. Kufuturu kwenyewe nikawa nawatupia konzi moja ya machicha mbiombio, nikimbilie tarawehe. Siku zikapita hivyo.

Katika siku hizo mvuvi wa mto Ruvu alileta ngogo wawili wadogo, zawadi kwa Bibi. Mnamjua ngogo: ana mwiba mgongoni na miiba miwili ubavuni, na ukimtoa majini hulia, sauti kama ya mlango. Bibi aliposikia kilio kile alicheka kwa mara ya kwanza tangu Salim afe, akasema watiwe birikani. Nikaenda kumwuliza Mhina. Alikuwa anatetemeka chini ya shuka. Akasema, "Watie mtungini kwanza. Ni wembamba hao. Nitawatazama nikipona."

Nikarudi, nikawapima. Upana wao vidole viwili. Niliuona ule mdomo wa kambale na nilijua hesabu. Lakini nikajiambia, huyu ana miiba, nani atamla mwenye miiba? Tena Bibi anangoja. Nikawatia.

Ngogo akishikwa husimamisha miiba yake mitatu, nayo ikisimama hairudi mpaka mwenyewe atake. Kambale aliyeshiba humwacha, kwa kuwa hana sababu ya kumsumbukia. Kambale mwenye njaa humeza kwanza. Miiba ikisimama kooni, huyu hawezi kutema, na yule hawezi kutoka, wanakufa wote wawili. Hayo Mhina aliyajua tangu utoto wake mtoni. Mimi niliyajua siku ya tatu, baada ya sala ya adhuhuri, nilipomkuta kambale amepinduka, mdomo wazi, na mkia wa ngogo unaonekana ndani. Niliruka majini na nguo zangu. Nilivuta, nikajichoma, nikavuta. Alikufa mikononi mwangu.

Bibi Zuena aliteremka. Alipomwona hakulia. Aliketi sakafuni penye maji, akauliza kwa sauti ndogo, "Nani aliyemtia huyu ngogo?"

Nilikuwa nimesimama mbele yake, nguo zimelowa. Mimi ni mwungwana, mwana wa watu, adhabu yangu kubwa ingekuwa kurudishwa Mlingotini kwa baba yangu. Ndiyo adhabu niliyoiogopa. Nikanyamaza. Msimamizi wa nyumba akasema, "Birika ni la Mhina, Bibi. Hakuna kinachoingia humo bila amri yake." Wakaenda kumtoa kitandani. Akaja amejifunika shuka, akamtazama kambale, akanitazama mimi. Aliniona nimeinama. Bibi akamwuliza, "Ni wewe?" Naye hakujibu kitu.

Bibi akasema, "Samaki wa mwanangu. Nilikuwa nataka kukuacha huru kwa ajili ya mwanangu, nawe umemwua samaki wake. Wallahi sikuachi huru, si Idi hii wala nyingine." Akapanda juu.

Tulipobaki wawili, Mhina alimpasua kambale tumbo kwa kisu chake. Lilikuwa tupu, jeupe. Akanionyesha. "Alikuwa hajala," akasema. "Siku ngapi?" Nikamwambia nimewafungisha saumu. Alinitazama, kisha akacheka, wanangu, alicheka kweli, mpaka kikohozi cha homa kikamkamata akaketi chini. Nilimwambia, "Kesho nitamwambia Bibi." Akasema, "Haya." Akafuta kisu, akarudi kulala.

Kesho ilifika, nikaona Bibi bado ana hasira. Kesho kutwa nikaona msimamizi yupo karibu. Nilifunga, nilisali, nilikwenda tarawehe, na neno lile sikulisema. Idi ikafika, watu wakavaa kanzu mpya, Mhina akaamka kusugua birika. Siku ya pili ya Idi ndipo nilipopanda ngazi, nikapiga magoti mlangoni kwa Bibi, nikamweleza yote, ngogo na saumu na mdomo wa vidole vinne.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Umechelewa, Athumani. Nimekwisha kuapa."

Hata mtoto wa chuo cha Kurani anajua kiapo kina kafara yake, kulisha masikini kumi, basi. Nyumba ile ililisha masikini zaidi ya kumi kila Ijumaa, sufuria moja tu. Bibi alijua kuliko mimi. Nilikuwa na maneno hayo mdomoni, nikaogopa kumfundisha dini mwanamke aliyefiwa, nikateremka. Nimeyasema mara nyingi tangu hapo, kwa sauti, peke yangu.

Hakumwuza Mhina, wala hakumpiga. Alimweka palepale birikani. Baadaye niliwaza kwamba labda hakutaka aende, kwa kuwa alikuwa mtu wa pekee aliyeweza kukaa naye alasiri bila kumpa pole. Sijui. Mhina naye hakunibadilikia. Aliendelea kunifundisha, kuponya magamba kwa maji ya chumvi, kujua samaki mwenye homa kwa namna anavyobana mapezi. Ningependa angenitukana. Alikufa akiwa bado mtumwa, mwaka uliotangulia vita vya Wajerumani, na mimi ndiye niliyemwosha.

Lakini nataka mjue la Mkange. Baada ya Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, Bibi alitaka kambale mwingine, tena wa mto Wami, kwa kuwa yule wa Salim alitoka huko. Mhina akaomba aende yeye. Bibi akasema, "Aende Athumani." Mhina akanipa kibunda cha chumvi na kipande cha kitambaa cha marekani, akasema, "Ukishapata samaki, pita kwa mama. Mwambie mimi mzima."

Nilikwenda. Wavuvi wa kule walitega migono, siku ya pili nikapata kambale mzuri, nikamfunga kwa majani ya mgomba yenye maji, kikapuni, maana kambale hustahimili safari ukimlowesha kila mara. Kisha mchuuzi mmoja akanionyesha kibanda pembeni mwa kijiji, akaendelea na njia yake. Mama yake Mhina alikuwa ameketi mlangoni anachambua kunde kwa kupapasa. Nikapiga hodi. Kizigua changu kilikuwa cha kubabaisha. Nikasema nimetoka Bagamoyo, nimeleta chumvi, kisha maneno yakaniishia.

Alinyoosha mikono, akaishika yangu. Akaipapasa kidole kwa kidole, ngozi iliyochakaa kwa chokaa na maji, akaileta puani akanusa ule utelezi wa samaki wa mtoni. Akaita, "Mhina."

Nilipaswa kusema, si mimi, mama. Nilikuwa na ulimi mzima kinywani. Mara ya kwanza kunyamaza kwangu kulimbakiza mtu utumwani, na hapa tena nikanyamaza, na mpaka leo sijui kama hili la pili lilikuwa dhambi au sadaka. Hakuachia mikono yangu mpaka jua likawa kichwani. Alinipikia kunde. Aliniambia mambo mengi ambayo sikuyaelewa. Nilipoaga, alisema kwa Kiswahili cha wachuuzi, "Nenda, mwanangu, mabwana wasije wakakasirika." Masika yaliyofuata tulipata habari kwamba amefariki.

Nilifika Bagamoyo siku ya tatu tangu nitoke kwake, mchana. Mhina alipokea kikapu, akamfungua kambale, akamtia mtungini apumzike kabla ya kuingizwa birikani kwa wenzake, kama ilivyo kawaida ya kazi. Mikono yake ilikuwa inafanya kazi polepole kuliko siku zote. Kisha akauliza, "Ulimwona?"

Safari hii sikungoja kesho. Nilimwambia yote palepale, kwamba aliniita kwa jina lake, na mimi sikukataa. Nilingoja anipige.

Aliketi ukingoni mwa birika. Akauliza, "Alikushika wapi?"

Nikasema, "Mikononi."

"Ilete."

Alifuta mikono yake kwa shuka, akaishika yangu, akaifumbua viganja, akainama akaulaza uso wake humo. Sikusogea. Nilisikia pumzi zake na maji ya macho yake katikati ya vidole vyangu. Juu ghorofani Bibi Zuena alimwita. Akaita tena. Alipoita mara ya tatu, Mhina aliinua uso, akaitikia, "Labeka, Bibi," akaniachia mikono, akapanda ngazi.